Namba Ikivuka Katikati

Swali huwa linaulizwa hivi: chukua namba tano, ile kubwa kabisa ifanye kubwa zaidi, kisha sema wastani umefanya nini na mediani imefanya nini. Jibu linalotakiwa ni kwamba wastani umepanda na mediani imetulia. Mwanafunzi anapata alama zake, somo linasonga mbele, na wengi wetu tunabaki tukiamini kwamba mediani haitikiswi na lolote, na kwamba wastani ni kigeugeu. Mimi kazi yangu ni kusafisha data zilizokusanywa na wengine, na imani hiyo naikuta kila mahali, hata kwenye ripoti za watu waliosoma wakabobea. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ina utamu wake.

Tuchukue 3, 5, 8, 9 na 10. Jumla ni 35, wastani ni 7, na mediani ni 8 kwa kuwa ndiyo iliyokaa katikati zikipangwa kwa ukubwa. Ile 10 ifanye 60. Jumla inafika 85, wastani unaruka hadi 17, mediani iko palepale kwenye 8. Hebu itazame hiyo 17. Namba nne kati ya tano ziko chini yake, tena kwa mbali, na ile ya tano iko juu kabisa. Wastani umehamia mahali ambapo haukaribii namba yoyote. Na ile 60 ukiifanya 600, au 6,000, mediani haitakuwa na habari.

Kanuni ya wastani ni fupi mno. Ukiongeza namba moja kwa kiasi fulani, wastani unapanda kwa kiasi hicho kilichogawanywa kwa idadi ya namba zote. Kumi iliongezwa 50. Hamsini kugawanya kwa tano ni 10. Saba ikawa 17. Kinachosahaulika ni kwamba kanuni hii haiulizi ni namba ipi iliyoguswa. Ongeza 50 kwenye ile 8 ya katikati, au kwenye ile 3 ya chini kabisa, wastani utafika 17 vilevile. Watu husema wastani unaathiriwa na namba za pembeni, kana kwamba una jambo nazo. Hauna. Kila namba inauvuta kwa umbali wake, basi, na za pembeni ndizo zilizo mbali.

Sasa mediani. Rudi kwenye 3, 5, 8, 9 na 10, na safari hii ile 10 iteremshe iwe 1. Zikipangwa upya zinakuwa 1, 3, 5, 8, 9. Mediani imeshuka kutoka 8 hadi 5. Wastani nao umeshuka, kutoka 7 hadi 5.2. Yaani mediani imesogea kwa 3 na wastani kwa 1.8 tu. Tumebadilisha namba ya pembeni, moja tu, na aliyeyumba zaidi ni yule tuliyeambiwa hayumbi.

Tofauti kati ya majaribio hayo mawili ni kwamba 60 ilibaki upande uleule wa juu, ilhali 1 ilivuka katikati ikaenda upande wa pili. Mediani huangalia upande tu. Weka namba yoyote mahali pa ile 10: ikiwa ni 8 au zaidi, mediani ni 8, ikiwa kati ya 5 na 8, mediani ni namba hiyohiyo uliyoiweka, ikiwa 5 au pungufu, mediani ni 5 na haishuki tena hata uandike hasi milioni moja. Kwa hiyo ina sakafu na ina dari, na vyote viwili vimewekwa na majirani wa katikati. Wastani hauna sakafu wala dari. Mtu mwenye ruhusa ya kugusa namba moja tu anaweza kuupeleka wastani popote anapotaka, na hesabu ya kujua aandike nini ni ya mstari mmoja.

Huo ndio msingi wote wa jambo hili. Lakini namba za kubuni hazina uhai, kwa hiyo nitaleta za kweli, ninazozipenda kuliko zote.

Mwaka 1798 Henry Cavendish, mwanasayansi Mwingereza aliyekuwa mpweke na tajiri, alichapisha matokeo ya jaribio la kupima densiti ya Dunia, yaani Dunia ni nzito mara ngapi kuliko maji ya ujazo huohuo. Alining'iniza ufito kwa waya, akafunga tufe ndogo kwenye ncha zake, kisha akasogeza karibu tufe mbili kubwa za madini ya risasi, kila moja ikiwa na zaidi ya kilo 150, aone zitavuta zile ndogo kiasi gani. Mvuto wenyewe ni hafifu sana, kiasi kwamba joto la mwili wa mtu lingetosha kuvuruga hewa ya chumbani na kuharibu kipimo. Kwa hiyo alisimama nje ya chumba akatazama kwa darubini. Mwishoni alikuwa na vipimo 29.

Kidogo kabisa ni 4.88 na kikubwa kabisa ni 5.85. Ukivipanga vyote, cha kumi na tano, yaani mediani, ni 5.46. Jumla yake ni 157.99, ambayo ukiigawanya kwa 29 unapata wastani wa 5.448. Thamani tunayoijua leo ni kama 5.51. Si haba kwa mtu aliyekuwa na waya, risasi na taa.

Ila Cavendish hakuchapisha 5.448. Alichapisha 5.48.

Francis Baily, mwanaastronomia aliyelirudia jaribio hilo miaka mingi baadaye, alipiga hesabu upya akaona haziafikiani. Na hapa ndipo kanuni yetu ya mstari mmoja inapofanya kazi ya upelelezi. Tofauti kati ya 5.448 na 5.48 ni 0.032. Zidisha kwa 29, unapata 0.93, karibu 1. Maana yake kuna kipimo kimoja, mahali fulani, kilichohesabiwa kwa 1 zaidi. Kile kidogo kabisa, 4.88, ukikisoma kama 5.88, jumla inakuwa 158.99 na wastani unatoka 5.48 barabara. Tarakimu moja tu imebadilika.

Mtu anaweza kuona hilo ni dogo: tofauti ya sehemu tatu za mia, nani anajali? Subiri. Cavendish alitumia nyaya mbili. Vipimo sita vya kwanza vilitoka kwenye waya wa mwanzo, kisha akaweka waya mgumu zaidi, akapata 23 vilivyobaki. Katika maelezo yake anasema kwamba wastani wa waya wa kwanza ni 5.48, na wa waya wa pili unatoka vilevile. Jambo kubwa hilo. Nyaya mbili tofauti zinapotoa jibu moja, msomaji anaamini kwamba kifaa hakina matata.

Vile sita vya mwanzo ni 5.50, 5.61, 4.88, 5.07, 5.26 na 5.55. Vijumlishe mwenyewe: 31.87. Gawanya kwa sita: 5.31. Vile 23 vya waya wa pili vinatoa 5.48, sawa na alivyosema. Basi nyaya hazikuafikiana. Zinaafikiana tu pale 4.88 inapogeuka 5.88, kwa sababu hapo vile sita vinatoa 5.478. Kosa la 1 likigawanywa kwa 29 ni chembe, lakini likigawanywa kwa sita ni 0.167, na hiyo imetosha kuficha kwamba waya wa kwanza na wa pili vilikuwa vinasema mambo tofauti. Namba ya pembeni ikibadilika, madhara yake hayalingani kote. Yanategemea inagawanywa kwa vipimo vingapi.

Je, mediani ingemwokoa? Kwa vipimo vyote 29, karibu ndiyo: 4.88 ikiwa 5.88 inavuka kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, na mediani inasogea hatua moja tu, kutoka 5.46 hadi 5.47. Ila kwa vile sita, hali ni nyingine. Vikipangwa ni 4.88, 5.07, 5.26, 5.50, 5.55, 5.61, katikati pana 5.26 na 5.50, kwa hiyo mediani ni 5.38. Baada ya kosa ni 5.07, 5.26, 5.50, 5.55, 5.61, 5.88, na mediani inakuwa 5.525. Imeruka 0.145, karibu sawa na wastani ulivyoruka. Sababu ni ile nafasi tupu kati ya 5.26 na 5.50. Mediani hupiga hatua kutoka namba moja hadi nyingine, na pale penye pengo, hatua inakuwa ndefu. Vipimo vikiwa vichache na vimetawanyika, utulivu wake ni wa jina.

Nimesema kosa lilivuka katikati. Makosa mengi hayavuki, na hayo ndiyo mediani inayoyameza bila hata kukohoa. Tuseme mtu anaingiza namba za Cavendish kwenye lahajedwali, na ile 5.85 ikaingia bila nukta: 585. Hili si jambo la kufikirika, nukta na mkato wa desimali huweza kupotea faili linapohama kutoka kompyuta moja hadi nyingine iliyopangwa tofauti. Wastani unapanda hadi 25.42. Osmiamu, elementi yenye densiti kubwa kuliko zote, ni kama 22.6. Kwa hiyo kwa nukta moja iliyodondoka, Dunia nzima, pamoja na bahari na mchanga wake, imekuwa nzito kuliko osmiamu tupu. Mediani? 5.46, kama vile hakuna kilichotokea. Ile 5.85 ilikuwa juu, na 585 iko juu.

Kwa kweli ukitaka kuipotosha kabisa mediani ya vipimo 29, itakubidi uharibu 15. Hata ukiharibu 14 vya chini na kuvifanya mamilioni, mediani itakuwa 5.85, kipimo cha kweli kikubwa kabisa. Haitatoka nje ya namba zilizo safi mpaka zilizoharibika ziwe nyingi kuliko safi. Kwa wastani inatosha moja, na hapo methali ya samaki mmoja akioza inakaa vizuri.

Ndiyo maana kwenye kazi yangu, faili jipya likifika, ninachofanya kabla ya yote ni kuweka wastani na mediani za kila safu ubavuni. Wala sizitazami kama majibu. Natazama umbali kati yake. Safu ya umri ikiwa na mediani 34 na wastani 71, najua bila kushuka chini ya faili kwamba kuna mtu ameandika 999 pale asipojua umri. Hiyo 999 ni desturi ya zamani ya wakusanyaji data, alama ya "hakuna jibu", na programu haina adabu ya kuuliza. Inaijumlisha kama umri wa mtu. Wakati mwingine alama ni hasi 99, na hapo mambo yanakuwa magumu kidogo kuyaona, kwa sababu hasi 99 haiuvuti wastani mbali kama 999, na mediani nayo inasogea, kidogo kidogo, hatua moja kwa kila asiyejibu ambaye umri wake halisi ulikuwa juu ya katikati na sasa umevuka hadi chini. Wanaoiamini mediani kwa upofu hawaioni.

Kufuta namba badala ya kuirekebisha ni jambo jingine tena, maana idadi yenyewe inapungua. Ondoa 4.88 kwa Cavendish: vinabaki vipimo 28, wastani unapanda hadi 5.468 na mediani inakuwa 5.465. Safari hii zimekutana. Kishawishi cha kusema "basi 4.88 ilikuwa mbovu, tuitupe" ni kikubwa, na mimi sikipendi. Kutupa namba kwa sababu inaharibu uzuri wa jibu ni kujibu swali kabla hujaliuliza. Ikiwa kuna sababu ya kifaa, kama waya laini, basi sababu hiyo inavihusu vipimo vyote sita vya waya huo, na vinatoka vyote au vinabaki vyote.

Mpaka hapa inaonekana naipigia debe mediani. Hapana. Kuna maswali ambayo mediani ni jibu la kijinga.

Fikiria kampuni ya bima inayotaka kujua iwatoze wateja kiasi gani. Katika mwaka mmoja wateja wengi hawadai chochote. Wapange wote kwa ukubwa wa madai, yule wa katikati ana sifuri. Mediani ya madai ni sifuri. Kampuni inayopanga ada kwa mediani itafunga milango mara moja, kwa sababu fedha inazolipa zote zimekaa kwenye wale wachache wa pembeni. Hapo unyeti wa wastani ndio unaotafutwa. Wastani ukizidishwa kwa idadi ya watu unarudisha jumla kamili. Mediani hairudishi chochote. Anayejenga daraja naye yuko hivyohivyo: mafuriko ya siku ya kawaida hayamhusu, linalomhusu ni lile moja la pembeni kabisa, na kwake hata wastani ni mdogo mno.

Kuna na sababu ya kihesabu. Wastani ndiyo namba ambayo, ukichukua tofauti yake na kila kipimo, ukazidisha kila tofauti kwa yenyewe na kujumlisha, jumla inakuwa ndogo kuliko ungechagua namba nyingine yoyote. Mediani ni hivyohivyo, ila bila kuzidisha; unajumlisha umbali mtupu. Hapo tabia zote mbili zinaeleweka. Ukizidisha umbali kwa wenyewe, kipimo kilicho mbali mara kumi kinalalamika mara mia, na wastani unasogea kukinyamazisha. Njia hiyo ya kuzidisha ilichapishwa na mwanahisabati Legendre mwaka 1805, kisha mwenzake Gauss mwaka 1809, na ikatawala kwa sababu hesabu zake zinatatulika kwa mkono. Njia ya umbali mtupu ilitangulia. Mwanasayansi Boscovich aliitumia katikati ya karne ya 18 kwenye vipimo vya umbo la Dunia, lakini kuikokotoa ilikuwa taabu. Sehemu ya heshima ya wastani, kwa maoni yangu, ni heshima ya kitu kilichokuwa rahisi kabla ya kompyuta.

Francis Galton, mwanasayansi Mwingereza, alikuwa mtu wa mediani. Tarehe 7 Machi 1907, katika jarida la Nature, alieleza habari za shindano lililofanyika Plymouth, Uingereza: watu walinunua tiketi na kukisia uzito wa maksai baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Zilisomeka tiketi 787. Galton akazipanga na kuchukua ya katikati: ratili 1,207. Uzito halisi, kama alivyouchapisha, ulikuwa ratili 1,198. Hoja yake ilikuwa ya kisiasa kuliko ya kihesabu. Aliona kwamba kundi likiamua kwa wastani, mwenye maoni ya ajabu anapata nguvu kwa kadiri ya ajabu yake, kwa hiyo kura moja haiwi tena kura moja. Ya katikati ndiyo inayompa kila mtu sauti sawa.

Tukipima hoja hiyo kwa namba zake mwenyewe, ina nguvu kweli. Tuseme mmoja kati ya wale 787 kwa mzaha ameandika ratili milioni moja. Wastani ungeongezeka kwa karibu 1,269, na maksai mmoja angekuwa na uzito wa wawili. Mediani ingesogea, kama ingesogea kabisa, hadi kwa jirani yake tu. Lakini hakuna aliyefanya mzaha. Galton alipoulizwa baadaye kuhusu wastani, jibu lilikuwa ratili 1,197, pungufu ya ukweli kwa ratili moja tu. Mediani yake ilikosea kwa tisa. Yaani kwenye mfano uleule aliouleta kuitetea mediani, wastani ulimshinda. Waliokuwa wamekisia chini sana na waliokuwa wamekisia juu sana walikuwa wamefutana, na ndani ya hizo tofauti zao mlikuwa na taarifa ambayo mediani iliitupa kwa kuangalia upande tu.

Kwa fedha na mali kufutana huko hakutokei, kwa kuwa chini kuna sifuri, au deni kidogo, na juu hakuna mwisho. Uchunguzi wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 kuhusu mali za kaya uliona mediani ya dola 192,900 na wastani wa dola milioni 1.06. Zaidi ya mara tano. Kaya iliyo katikati kabisa ya nchi haina hata moja ya tano ya "wastani". Na watu wa juu wakitajirika mara mbili kesho, wastani utaruka na mediani haitacheza, kwa sababu walikuwa juu na wamebaki juu. Anayekuambia kwamba "wastani wa mali umepanda" hajakudanganya, ila hajakuambia lolote kuhusu jirani yako.

Kuna waliojaribu njia ya kati: kata za pembeni, kisha chukua wastani wa zilizobaki. Kwenye mashindano makubwa ya kupiga mbizi, majaji wakiwa saba, alama mbili za juu na mbili za chini hufutwa. LIBOR, riba ya benki za London kukopeshana, iliyokuwa ikiongoza mikopo ya matrilioni ya dola, ilipatikana hivyohivyo: benki zilitaja viwango, robo ya juu na robo ya chini zikakatwa, zilizobaki zikachukuliwa wastani. Inaonekana kama kufuli madhubuti. Benki ikitaja kiwango cha ajabu itakatwa tu, sivyo?

Itakatwa, ndiyo. Lakini zinazokatwa ni idadi maalumu. Benki iliyokuwa katikati ikijipeleka juu kabisa, inaingia kwenye kundi la kukatwa, na ile iliyokuwa ya mwisho kukatwa inarudishwa ndani kujaza nafasi. Aliyerudishwa ni mkubwa kuliko aliyetoka. Wastani umepanda, kidogo, pasipo mwongo mwenyewe kuonekana kwenye hesabu. Na kwa matrilioni, kidogo kinatosha. Juni 2012 Barclays ilitozwa faini na mamlaka za Uingereza na Marekani kwa kujaribu kuchezea kiwango hicho, benki nyingine zikafuata. Ni jambo lilelile la 3, 5, 8, 9 na 10: kilicho nje ya katikati hakihesabiwi ukubwa wake, lakini kuvuka kwake mstari kunahesabiwa.

Mahali ambapo mediani inanitia wasiwasi kuliko pote ni pale data zinapokuwa makundi mawili. Chukua muda ambao kompyuta inachukua kujibu maombi, kwa milisekunde. Jibu likiwa tayari limehifadhiwa, linatoka haraka. Lisipokuwepo, linatafutwa mbali. Tuseme maombi saba yamechukua 2, 2, 3, 3, 20, 21 na 22. Mediani ni 3, wastani ni kama 10.4. Sasa ombi moja la 3 limekosa hifadhi likachukua 25. Wastani unapanda hadi 13.6. Mediani inaruka kutoka 3 hadi 20.

Ombi moja kati ya saba. Ukiwa na grafu ya mediani pekee, utaona huduma imekuwa nzito karibu mara saba na utaamsha watu usiku. Wiki ikifuata ombi moja likirudi upande wa pili, utaona miujiza ya uponyaji. Wastani, kigeugeu wetu, ulisogea kwa tatu tu na ungekuacha ulale. Na hakuna kati ya namba hizo mbili inayokuambia kilichopo, kwamba kuna maombi ya haraka manne na ya polepole matatu, na kwamba moja limehama. Kwa data za namna hiyo siandiki wastani wala mediani kwenye ripoti. Naandika mangapi yako chini ya 10 na mangapi yako juu.